Usiulize Pikapu Inavuta Kilo Ngapi, Uliza Inabeba Ngapi

Wiki hii hatuongei mambo ya wasanii. Wiki hii ni pikapu. Na si ile ya kubeba mchanga Kitengela. Ni zile za Marekani, zenye boneti inayonifika kifuani, zile mnazonitumia video zake mkiuliza, "Buda, hii ikikuja Nairobi si itameza barabara yote?"

Nitasema maoni yangu mapema, ndio ukiwa na haraka uende zako: karibu kila mtu anayechagua pikapu ya kuvuta trela kubwa anaangalia namba isiyofaa. Anaangalia ile ya tangazo, ile ya "inavuta tani kadhaa". Namba inayoamua mambo ni ndogo, haina mbwembwe, na imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali ambapo hakuna mtu hupiga selfi.

Nimejuaje haya na mimi ni mtu wa matatu za Rongai? Kwa sababu ya anti yangu.

Anti ni nesi, na anaishi karibu na Dallas, Texas. Yeye ni nesi wa mkataba: hospitali iliyopungukiwa na watu inamchukua kwa wiki 13, zikiisha anasonga kwingine. Kama una ndugu Marekani, kuna uwezekano mkubwa unaijua hii stori ya kazi za hospitali. Shida yake ni makao. Wiki 13 ni fupi kwa mkataba wa kawaida wa nyumba, na ni ndefu kwa hoteli. Kwa hivyo kuna manesi hununua nyumba ya kuvuta. Mkataba ukiisha, unakunja ngazi, unafunga madirisha, unahama na kitanda chako, sufuria zako na pazia zako.

Anti alitangaza mpango huo kwenye grupu la familia, na grupu likawaka. Anko mmoja akaandika, "Yaani tulichanga tiketi ya ndege mtu aende kuishi ndani ya gari?" Shosho, ambaye husomewa ujumbe na binamu, aliuliza swali moja tu: "Na choo kiko wapi?" Choo kiko ndani, shosho. Bafu, jikoni, friji, hadi sehemu ya kuwasha moto wa kuigiza.

Mimi nilinyamaza, mpaka anti akaniandikia pembeni: "Wewe si ndiye wa kuongea mambo ya magari? Niangalizie hii pikapu. Yule muuzaji anataka niweke saini kabla ya Jumamosi."

Hapo ndipo mchezo uliisha. Huyu ndiye mtu analipa karo ya binamu zangu wawili na dawa za shosho. Pikapu mpya ya dizeli ya kazi nzito kule inaweza kupita dola 80,000, zaidi ya shilingi milioni 10 zetu. Akikosea hapo, wa kwanza kuhisi si yeye. Ni kijijini.

Hii trela ni kitu gani?

Trela aliyoitaka anti inaitwa trela ya gurudumu la tano. Usitafute gurudumu lenyewe, hutaliona. Jina limetoka enzi za magari ya farasi. Juu ya ekseli ya mbele palikuwa na duara la chuma lililolazwa, na hilo ndilo liliwezesha ekseli kugeuka kona. Magurudumu manne chini, la tano limelala juu. Farasi wakaenda, jina likabaki.

Na tayari umeiona hiyo teknolojia. Simama Mombasa Road uangalie lori la kontena likipita. Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani nzito ya chuma iliyojaa grisi, na pini ya trela inakaa ndani yake. Trela ya anti inafanya hivyo hivyo, ila sahani inafungwa katikati ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Pua ya trela inapita juu ya bodi na kukaa hapo.

Faida yake ni utulivu. Trela inayofungwa kwenye bampa nyuma kabisa inaweza kuanza kutikisa mkia kama mamba upepo ukiipiga. Ile ya gurudumu la tano imekalia katikati ya nguvu za gari, kwa hivyo inatulia zaidi. Ndiyo maana nyumba kubwa za kuvuta hutengenezwa kwa mtindo huu. Ya anti ilikuwa futi 40. Fikiria kontena kubwa la Mombasa, halafu fikiria nesi wa miaka hamsini ametoka zamu ya usiku, na hilo kontena liko nyuma yake.

Lakini utulivu huo una bei. Trela ikikaa mgongoni mwa gari, gari haliivuti tu. Linaibeba.

Namba mbili, usizichanganye

Kuna uzito wa kuvuta, na kuna uzito wa kubeba. Wa kuvuta ni ule unaobingirika nyuma yako kwa magurudumu yake wenyewe. Wa kubeba ni ule unaokandamiza springi zako, ekseli yako ya nyuma na tairi zako.

Mkokoteni ni mfano mzuri. Jamaa wa Gikomba anaweza kuvuta magunia mengi kwa mkokoteni kwa sababu magurudumu ndiyo yamebeba. Mwambie ayaweke hayo magunia mgongoni uone. Nguvu ni zake zilezile, lakini mgongo una hesabu zake.

Sasa, kwenye trela ya gurudumu la tano, kadirio ambalo wenye ujuzi hutumia ni kwamba asilimia 20 hadi 25 ya uzito wote wa trela unashuka kupitia ile pini na kukaa kwenye pikapu. Asilimia 20 hadi 25! Na hapo hujaingia wewe, bwana yako, mtoto, sanduku la vifaa wala ile sahani ya chuma yenyewe.

Matangazo hayakuambii hivyo. Matangazo yanakuambia Ford F-450 inavuta hadi pauni 40,000, yaani kama tani 18. Ni kweli, kuna toleo linafika hapo. Lakini namba kubwa kama hizo hupatikana kwenye toleo moja lililopangwa makusudi, na mara nyingi si lile lenye milango minne, viti vya ngozi na gia ya magurudumu manne ambalo wewe unalitaka.

Yule muuzaji wa anti alimpa pikapu ya kundi la 2500. Hili ndilo kundi la kwanza la pikapu za kazi nzito: Ram na Chevrolet huandika 2500, Ford huandika F-250. Ilikuwa ya dizeli, milango minne, magurudumu manne, rangi ya maziwa, skrini kubwa kuliko televisheni ya kwetu. Akamwambia, "Mama, hii itavuta hiyo trela na bado ibaki na nguvu." Na cha ajabu, hakudanganya kabisa kabisa. Injini ingeivuta. Hapo ndipo ujanja ulipo: jibu la kweli kwa swali ambalo halikufaa kuulizwa.

Nilimwambia anti afanye kitu kimoja. Fungua mlango wa dereva, piga picha ya ile stika ya manjano na nyeupe.

Akaituma. Maana yake kwa Kiswahili: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo 953.

Kilo 953. Pikapu refu kama matatu, na mgongo wake haufiki tani moja.

Ukijua zinatoka wapi, hutashangaa. Pikapu nyingi za kundi hilo zimewekewa kikomo cha pauni 10,000, yaani kilo 4,536, gari na kila kitu kilicho juu yake. Gari lenyewe, kwa sababu ya injini ya dizeli, milango minne na anasa zote, lilikuwa limeshakula karibu kilo 3,600. Kilichobaki ndicho hicho. Na hapa kuna utani mchungu: injini ya dizeli ina nguvu zaidi lakini ni nzito kuliko ya petroli, kwa hivyo kwenye kundi hili ukiongeza nguvu ya kuvuta unapunguza uwezo wa kubeba. Paa la kioo linakula kilo. Viti vya umeme vinakula kilo. Kila anasa inalipwa na mgongo.

Hesabu ya anti

Hii hesabu tuliifanya kwa simu, yeye akiwa kwenye maegesho ya hospitali, mimi nikiwa kitandani saa saba usiku. Fuata pole pole, si ngumu.

Kwanza, uzito wa trela. Karatasi ya matangazo ilisema kama kilo 5,900. Huo ni uzito wa trela tupu, kabla hujaweka maji, gesi, vyombo, nguo na zile sufuria za kutoka Kenya ambazo anti amekataa kutupa. Uzito wa kutumia ni ule wa juu kabisa unaoruhusiwa, ambao umebandikwa kwenye trela yenyewe: kilo 7,250. Wapiga hesabu wa yadi wanapenda ule mdogo. Wewe tumia mkubwa, kwa sababu nyumba ya mtu hujaa. Angalia tu kabati lako.

Pili, uzito wa pini. Tulichukua asilimia 22 ya 7,250. Tukapata karibu kilo 1,600.

Tatu, mengine. Sahani ya kufungia, kilo 90. Anti, mumewe na binti yao, kilo 220. Vifaa, jenereta na maji ya njiani, kilo 100.

Jumla: kama kilo 2,010.

Stika inasema 953.

Simu ikanyamaza. Halafu anti akasema, "Kwa hivyo ningekuwa nimebeba mara mbili ya inavyoruhusiwa." Ndio anti. Mara mbili, na mtoto akiwa kiti cha nyuma.

Mkataba wake wa kwanza na hiyo nyumba ulikuwa Colorado. Ukiwa umeenda magharibi ya Denver kwa barabara kuu ya I-70, unapanda mpaka handaki la Eisenhower, ambalo liko juu karibu mita 3,400. Nairobi iko kama mita 1,800. Halafu ukishapanda, lazima ushuke. Mkenya yeyote aliyewahi kupita Salgaa au kuteremka kuelekea Mai Mahiu usiku nyuma ya lori linalonuka breki anajua ninachosema. Kupanda kunaonyesha nguvu ya injini. Kuteremka kunaonyesha kama ulichagua gari vizuri.

Sasa achague gani?

Nitawapa ile orodha niliyompa, kwa mpangilio uleule.

Anza na trela, pikapu iwe ya mwisho. Watu hununua gari kwanza kwa sababu gari ndilo linapendeza, halafu wanatafuta trela ya kulitosha. Kama pikapu ya 2500 tayari unayo, sawa, tafuta trela nyepesi na ukubali kuishi padogo. Lakini kama trela ndiyo nyumba, nyumba ndiyo inaamua.

Halafu panda kundi. Juu ya 2500 kuna 3500, ambayo Ford huita F-350. Hapa unachagua tena: tairi moja moja nyuma, au mbili mbili, yaani jumla tairi sita. Kwa zile tairi nne za 3500 alizozipata, hesabu ilitoa nafasi ya kama kilo 1,700. Karibu, lakini bado haitoshi kwa kilo 2,010. Ya tairi sita ndiyo ilipita. Kikomo chake kilikuwa pauni 14,000, kama kilo 6,350. Gari lenyewe kwenye mizani lilikuwa karibu 3,950. Limebaki na kilo 2,400 za kubeba. Hapo sasa unapumua.

Kumbuka pia kwamba kwa zile kubwa unaweza usiikute ile stika yenye sentensi rahisi. Usijali. Chukua uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, toa uzito halisi wa gari kwenye mizani, kinachobaki ndicho chako.

Bodi ndefu au fupi? Fupi ni kama futi sita na nusu, ndefu ni futi nane. Fupi ni rahisi kuegesha, lakini ukipiga kona kali, pua ya trela inaweza kugonga kioo cha nyuma cha pikapu yako. Kuna sahani za kuteleza nyuma ili kuepuka hilo, lakini ni kitu kingine cha kununua na kukumbuka. Kwa mtu anayehama na nyumba yake, mimi naona ndefu.

Dizeli au petroli? Kwa uzito huu, dizeli. Ford wana Power Stroke ya lita 6.7, Ram wana Cummins ya lita 6.7, na Chevrolet na GMC wana Duramax ya lita 6.6. Mashabiki wa hizi injini wanagombana kama Gor na Ingwe, na mimi sitaingia katikati. Zote tatu zina nguvu kupita mahitaji ya anti. Kwa kulinganisha tu: ile Power Stroke kali zaidi imefika nguvu farasi 500 na msokoto wa Nm 1,627. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 ambayo sisi huku tunaiogopa ina farasi 204 na Nm 500. Kwa hivyo msinitumie tena ujumbe wa "kwani si anunue Hilux tu". Hilux na D-Max ni magari ya heshima, lakini kikomo chao cha kuvuta ni kilo 3,500. Nyumba ya anti ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sababu yangu kubwa ya dizeli hata si nguvu. Ni breki ya ekzosi. Ukiwa mteremkoni, inabana hewa chafu isitoke haraka, injini yenyewe inakuwa breki, na breki za magurudumu zinabaki baridi kwa wakati ule utakapozihitaji kweli. Madereva wa matrela wa Mombasa hadi Malaba wanaijua hii dawa.

Mwisho, leseni. Pikapu ya kikomo cha pauni 14,000 na trela ya 16,000 ni 30,000. Texas, mchanganyiko ukifika pauni 26,001 na trela ikiwa imepita 10,000, unahitaji leseni ya daraja A, hata kama hufanyi biashara. Muuzaji hakumtajia. Ndiyo, mtu anaweza kuuziwa nyumba na gari ambavyo kisheria hana ruhusa ya kuviendesha pamoja, na akapewa kalamu ya zawadi juu.

Mbona asikodi tu?

Hili ni swali la anko, na nakubali ni swali zuri. Alisema: unahama mara nne kwa mwaka. Kuna watu kazi yao ni kuvuta trela za wengine. Lipa hao, ubaki na gari dogo.

Kwa hesabu ya pesa tupu, kuna watu hilo linawafaa kabisa. Na pikapu ya tairi sita ina maudhi yake. Ina upana wa karibu mita mbili na nusu kiunoni. Haiingii kwenye maegesho mengi ya ghorofa. Inakunywa dizeli hata ukienda kununua mkate. Kama trela yako itakaa mahali pamoja miaka miwili, usinunue dude kama hilo kwa sababu ya safari moja.

Lakini anti alijibu kitu ambacho kilinifunga mdomo. Alisema, "Mkataba ukivunjwa katikati, na huvunjwa, nataka niweze kuondoka kesho yake bila kumpigia mtu simu." Ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu, hiyo si anasa. Anko mwenyewe aliweka emoji ya dole gumba, na kwa anko hiyo ni kama kuomba msamaha kwa maandishi.

Kwa hivyo hakuweka saini Jumamosi. Muuzaji alimpigia mara tatu. Baada ya wiki kadhaa alipata pikapu ya tairi sita iliyotumika, bodi ndefu, viti vya kitambaa, hakuna paa la kioo. Bei ilikuwa chini ya ile ya rangi ya maziwa. Corolla yao ya zamani haikuuzwa. Mumewe anaifuata nyuma, na ndiyo inaenda hospitali kila siku. Leseni aliifanyia mtihani na akapita.

Kabla ya Colorado walipitia mizani ya umma kwenye kituo cha malori. Kule unalipa kidogo, unapanda na gari na trela, unapewa karatasi yenye uzito wa kila sehemu: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, ekseli za trela. Kila kitu kilikuwa chini ya kikomo. Aliituma ile karatasi kwenye grupu la familia bila neno hata moja. Nimeona watu wakituma vyeti vya digrii kwa majivuno kidogo kuliko hayo.

Inatuhusu nini sisi?

Najua kuna mtu anasema, "Sawa, lakini hizi gari hata haziingii Kenya." Kweli, usukani uko upande wa kushoto na sheria zetu za kuagiza magari hazitaki hivyo. Lakini hesabu inaingia bila visa.

Angalia mlango wa pikapu yoyote ya biashara hapa Nairobi, utaona herufi T.W. na namba. Huo ni uzito wa gari likiwa tupu. Umewahi kuisoma? Probox, ile tunayoipakia kama hakuna kesho, kule Japani toleo la mizigo limepangiwa kilo 400 likiwa na watu wawili, na kilo 250 likiwa na watano. Sisi tunaweka wanne nyuma, magunia kwenye buti, na mwingine amekalia handibreki. Halafu breki zikikataa tunasema ilikuwa bahati mbaya. Na Mlolongo haikuitwa Mlolongo kwa sababu ya mashairi. Ni foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mizani. Nchi yenye mji uliopewa jina na foleni ya mizani, na bado mtu anauliza "inabeba?" anajibiwa "weka tu, itaenda."

Itaenda, ndio. Shida si kwenda. Shida ni kusimama.

Kwa hivyo kama una mpango wa kununua gari la kazi, liwe la kuvuta jiko la chipo kwenye trela pale Ruiru, liwe la kupeleka maziwa, au una anti wako Texas, fanya mambo manne kabla ya kutoa doo. Jua uzito wa mzigo ukiwa umejaa, usikubali ule wa tupu. Jua ni kiasi gani kinakukalia mgongoni na ni kiasi gani kinabingirika chenyewe. Fungua mlango usome stika wewe mwenyewe, kwa macho yako, muuzaji akiwa amesimama hapo. Na ukishapakia, nenda mizani hata kama hakuna polisi anakulazimisha.

Na muuzaji akikwambia uamue kabla ya Jumamosi, mwambie Jumapili pia ni siku.

Nawasikiliza. Nani hapa ameshawahi kusoma ile stika ya mlango wa gari la kwao? Kasome sai, urudi uniambie umepata ngapi.